George Crile: Mtoto wa mkulima aliyethubutu kuugusa mshipa mkuu wa shingo

KATIKA vyumba vya upasuaji duniani kote kuna kifaa kidogo cha chuma, mfano wa mkasi usiokata, ambacho kazi yake ni kubana mshipa unaovuja damu. Madaktari na wauguzi hukiita kwa jina la Crile, na pengine ni wachache miongoni mwao wanaokumbuka kwamba Crile alikuwa mtu.

George Washington Crile alikuwa daktari wa upasuaji nchini Marekani ambaye, mwanzoni mwa karne ya 20, alifanya jambo ambalo wenzake wengi waliliona kuwa ni kucheza na kifo. Aliingia na kisu katika shingo za wagonjwa wa saratani, mahali inapopita mishipa mikubwa ya damu ya ubongo, akauondoa ugonjwa pamoja na karibu kila kitu ulichokuwa umekishika.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka mtu ajue kilichomo shingoni. Kila upande wa shingo una mshipa mkuu uitwao karotidi. Mshipa huo hupanda kutoka kifuani na, karibu na ncha ya juu ya kikoromeo, hugawanyika mara mbili: tawi moja huelekea kwenye ubongo na jingine hulisha uso, ulimi na taya.

Ubavuni mwa karotidi huteremka vena kubwa iitwayo jugula, inayorudisha damu moyoni. Kandokando ya vena hiyo zimepangana tezi ndogo za limfu kama shanga katika uzi, zile ambazo zikivimba watu huziita mitoki.

Saratani ya mdomo, ya ulimi au ya koo haitulii mahali ilipoanzia. Huteremka hadi kwenye tezi hizo, huzivimbisha, kisha hujigandisha kwenye vena na hatimaye kwenye karotidi yenyewe. Mgonjwa aliyefikia hatua hiyo katika karne ya 19 alisubiri mambo mawili: njaa, kwa sababu hakuweza tena kumeza, au siku ambayo mshipa ungepasuka.

Madaktari waliogopa, na walikuwa na sababu. Karotidi ikikatwa, mtu humwaga damu yake katika dakika chache. Ikifungwa moja kwa moja, baadhi ya wagonjwa huvumilia kwa sababu upande wa pili huendelea kulisha ubongo, lakini wengine hupata kiharusi na kufa. Mwingereza Astley Cooper aliifunga karotidi ya mgonjwa mwenye uvimbe wa mshipa mwaka 1805, mgonjwa huyo akafariki dunia. Alipojaribu tena mwaka 1808, mgonjwa alipona na kuishi miaka mingi. Hakuna aliyeweza kusema mapema nani angekuwa wa kundi lipi.

Hofu hiyo haikubagua vyeo. Jenerali Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1869 hadi 1877, alipougua saratani ya koo madaktari wake walilizungumzia suala la kumpasua na wakaamua kumwacha. Alifariki dunia Julai 23, 1885, baada ya miezi ya maumivu makali aliyoitumia kuandika kumbukumbu zake ili familia isibaki katika ufukara.

Wakati Grant akizikwa, Crile alikuwa kijana wa miaka 20 katika jimbo hilohilo la Ohio alikozaliwa jenerali huyo.

Alizaliwa Novemba 11, 1864, katika kijiji cha Chili. Wazazi wake walikuwa wakulima, na elimu yake ya mwanzo aliipata huku akifanya kazi za shamba. Alifundisha shule ili kujipatia karo, kisha akajiunga na chuo cha udaktari cha Wooster mjini Cleveland na kuhitimu mwaka 1887.

Mwaka huohuo lilitokea tukio ambalo halikumtoka moyoni hadi uzeeni. Rafiki yake, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, aligongwa na tramu na kusagwa miguu yote miwili. Alikatwa miguu, damu ikazuiwa, jeraha likafungwa vizuri. Hata hivyo, mapigo ya moyo yalizidi kudhoofika, ngozi ikawa baridi, na kijana huyo akafariki mbele ya macho ya wenzake bila yeyote kujua la kufanya.

Hali hiyo madaktari waliiita mshtuko, neno lililotumika zaidi kuficha kutokujua kuliko kueleza chochote. Crile aliamua kuichunguza. Alikwenda London kujifunza katika maabara ya Victor Horsley, akarudi Cleveland na kuendelea na majaribio kwa mbwa. Mwaka 1899 alichapisha kitabu kuhusu mshtuko wa upasuaji, kikieleza majaribio 148.

Kazi ile ilikuwa ya kikatili kwa vipimo vya leo, na hata wakati huo ilikuwa na wapinzani wake. Lakini ndiyo iliyomfundisha kwamba kinachoporomoka katika mshtuko ni shinikizo la damu, na kwamba shinikizo hilo linaweza kupimwa dakika kwa dakika mgonjwa akiwa mezani. Daktari wa zama hizo alishika tu kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo. Crile alitaka tarakimu.

Kuanzia hapo mambo yake yalifuatana kama ngazi, ingawa si yote yaliyodumu. Alibuni vazi la mpira lenye tabaka mbili, ambalo mgonjwa alivishwa miguuni hadi tumboni, kisha likajazwa upepo. Kwa upasuaji wa kichwa na shingo lilikuwa na faida ya pekee: mgonjwa aliweza kuinuliwa kichwa ili damu ipungue mahali pa kisu, huku vazi likiisukuma damu ya miguuni irudi kwenye moyo. Vazi hilo halikudumu hospitalini, lakini hutajwa kuwa babu wa suti walizokuja kuvaa marubani wa ndege za kivita wasizimie angani.

Mwaka 1902 aliandika kuhusu kuifunga karotidi kwa muda. Hapa ndipo alipotofautiana na waliomtangulia. Wao waliufunga mshipa kwa uzi na kuuacha hivyo milele. Yeye alitengeneza kibano chenye skrubu, ambacho midomo yake ilivikwa mpira laini, akakikaza taratibu mpaka kuta za mshipa zigusane tu bila kupondeka. Kazi ilipokwisha, kibano kilifunguliwa na damu ikaendelea na safari yake ya ubongoni.

Kwa maelezo jambo hilo linaonekana dogo. Kwa mgonjwa lilikuwa na maana kwamba daktari angeweza kukata polepole karibu na mshipa wa hatari, akiona anachokikata, badala ya kupapasa katika dimbwi la damu na kukimbizana na muda.

Kisha ikaja damu yenyewe. Mwaka 1906, katika hospitali ya St. Alexis mjini Cleveland, Crile aliunganisha mshipa wa kijana mzima na mshipa wa ndugu yake mgonjwa aliyekuwa akiishiwa damu, na damu ikapita moja kwa moja kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Mgonjwa alipona. Tukio hilo hutajwa miongoni mwa mafanikio ya kwanza ya kumwongezea mtu damu katika tiba ya kisasa. Ilikuwa pia bahati, kwani makundi ya damu yaliyogunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901 yalikuwa bado hayajaanza kupimwa hospitalini kabla ya kazi kama hiyo.

Desemba 1, 1906, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha makala yake kuhusu saratani ya kichwa na shingo, iliyotokana na operesheni 132. Hiyo ndiyo kazi iliyomweka Crile katika vitabu.

Hoja yake ilikuwa rahisi kuielewa. Saratani za sehemu hizo, alisema, kwa kawaida hukaa muda mrefu shingoni kabla ya kusambaa katika mapafu au ini. Kwa hiyo mgonjwa mwenye mitoki hakuwa amekwisha. Alikuwa bado katika eneo ambalo kisu kinaweza kulifikia. Kosa la madaktari lilikuwa kuchomoa tezi moja moja kama mtu anayechuma matunda, wakipasua uvimbe na kupanda mbegu za ugonjwa katika jeraha.

Yeye alitaka tezi zote za upande mmoja zitolewe kwa pamoja kama bonge moja, zikiwa bado zimefunikwa na mafuta na utando wake. Pamoja nazo uliondolewa msuli mkubwa unaotoka nyuma ya sikio hadi kifuani, tezi ya mate iliyo chini ya taya, na vena ya jugula yenyewe, ambayo mtu anaweza kuishi bila ya moja kwa sababu ya pili hubeba mzigo. Kilichobaki wazi mwishoni mwa operesheni, kikidunda katikati ya shingo iliyokwanguliwa, kilikuwa karotidi.

Haikuwa mara ya kwanza kabisa. Mwaka 1888 daktari Franciszek Jawdyński wa Warsaw alifanya upasuaji wa namna hiyo na kuuandika. Aliandika kwa Kipolandi, wasomaji wa nje hawakuuona, na sifa ikamwendea aliyekuja baadaye na kuandika kwa lugha iliyosomwa na wengi.

Crile aliambatanisha matokeo. Kati ya wagonjwa 48 ambao hawakufanyiwa upasuaji wa bonge na waliofuatiliwa kwa miaka mitatu, waliokuwa hai ni tisa, yaani asilimia 19. Kati ya 12 waliofanyiwa, waliokuwa hai walikuwa pia tisa, yaani asilimia 75.

Mtaalamu wa takwimu wa leo angetikisa kichwa. Wagonjwa 12 ni wachache mno, na hakuna kinachothibitisha kwamba makundi hayo mawili yalilingana kwa ukubwa wa ugonjwa. Lakini kwa daktari wa mwaka 1906, aliyezoea kumpeleka nyumbani mgonjwa wa saratani ya ulimi akafie huko, tisa kati ya 12 ilikuwa habari ya kumwondolea usingizi.

Hata hivyo, haikuenea haraka. Upasuaji huo ulidai dawa ya usingizi iliyo salama, damu ya akiba na mikono iliyozoea, na vitu hivyo havikuwapo kila mahali. Aidha, mionzi ya radiamu ilikuwa imeingia sokoni na wengi waliona ni afadhali kuliko kisu. Ilibidi kungoja hadi Hayes Martin wa New York, ambaye mwaka 1951 alichapisha uzoefu wa operesheni 1,450, ndipo njia ya Crile ikawa kanuni.

Vipande vya elimu hiyo, lakini, vilikuwa vikitumika. Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba ya nafsi, alipougua saratani ya taya mwaka 1923, daktari Hans Pichler wa Vienna alianza kwa kufunga tawi la nje la karotidi, lile linalolisha uso, na kuondoa tezi za chini ya taya. Siku chache baadaye ndipo alipolikata taya la juu. Freud alifanyiwa operesheni nyingine nyingi, lakini aliishi miaka 16 zaidi.

Crile mwenyewe wakati huo alikuwa amehamia kwenye mambo mengine. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ufaransa mara mbili. Mwaka 1915 alikuwa na madaktari na wauguzi wa Cleveland katika hospitali ya Wamarekani huko Neuilly, karibu na Paris. Mei 1917 alivuka tena na kikosi cha hospitali ya Lakeside, ambacho kilikuwa miongoni mwa vikosi vya kwanza kabisa vya jeshi la Marekani kufika Ulaya, na kikapangiwa Rouen.

Huko aliona madaktari wa kijeshi wanavyofanya kazi pamoja, kila mmoja na ujuzi wake, chini ya paa moja. Aliporudi, yeye na wenzake Frank Bunts, William Lower na John Phillips walianzisha Cleveland Clinic, iliyofunguliwa Februari 1921. Hospitali hiyo imekuwa miongoni mwa kubwa na mashuhuri zaidi duniani.

Umaarufu wake kwa umma katika miaka hiyo ulitokana na tezi la shingo, ugonjwa ulioenea sana katika maeneo ya Maziwa Makuu ya Marekani kwa upungufu wa madini joto. Yeye na wasaidizi wake walifanya zaidi ya operesheni 20,000 za aina hiyo. Aliamini kwamba woga wa mgonjwa nao huleta mshtuko, hivyo baadhi ya wagonjwa hawakuambiwa siku ya operesheni. Kila asubuhi walivutishwa kitu wakidhani ni sehemu ya matibabu ya kawaida, hadi siku moja ikawa dawa ya usingizi kweli, wakaamka uvimbe umeondolewa. Daktari anayefanya hivyo siku hizi bila ridhaa angejikuta mbele ya baraza la maadili.

Mei 15, 1929, balaa liliipiga Cleveland Clinic. Filamu za eksirei zilizohifadhiwa chini ya jengo zilishika moto na kutoa gesi ya sumu iliyopanda ghorofa zote. Watu 123 walikufa, akiwamo mwasisi mwenzake, Dk. Phillips. Bunts alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Crile, akiwa na umri wa miaka 64, alianza upya kuijenga hospitali iliyoandamwa na madai na madeni, na miezi michache baadaye uchumi wa dunia nao ukaanguka.

Ni katika umri huo ambapo uthubutu uliomsaidia shingoni ulianza kumpotosha. Alishawishika kwamba tezi zilizo juu ya figo ndizo chanzo cha magonjwa mengi, tangu shinikizo la juu la damu hadi vidonda vya tumbo na kifafa, na akawa anakata mishipa ya fahamu inayoziendea.

Ili kuthibitisha nadharia yake alitaka kupima tezi na bongo za wanyama wa porini. Mwaka 1935 yeye na mkewe, Grace, walisafiri kwa ndege hadi Afrika Mashariki na kupiga kambi kandokando ya Ziwa Manyara, Tanganyika. Simba na wanyama wengine waliouawa walipasuliwa hapohapo, ubongo, tezi ya shingo na tezi za juu ya figo zikawekwa kwenye mizani. Grace aliandika kitabu kuhusu safari hiyo kilichotoka mwaka 1936.

Mizani haikumpa alichokitafuta. Madaktari wengine hawakupata matokeo aliyoyadai, na operesheni zile za tezi za figo zikaachwa. Mtu aliyeanza kwa kukataa kuamini kisichopimwa alimaliza akiwa amepima mengi na kuyalazimisha yaseme alichotaka kusikia.

Miaka yake ya mwisho macho yalimfifia na ikambidi aweke kisu chini. Alifariki dunia Januari 7, 1943, mjini Cleveland, akiwa na umri wa miaka 78. Aliacha mjane na watoto wanne. Shimo moja katika uso wa mwezi limepewa jina lake.

Upasuaji wake wa shingo uliendelea kuokoa maisha, na uliendelea kudai gharama. Kwa kuwa neva inayouinua mkono ilikatwa pamoja na bonge, wengi walibaki na bega lililoanguka, wasioweza kuchana nywele wala kufikia rafu ya juu. Mwaka 1963 Osvaldo Suárez wa Argentina alionyesha kwamba tezi zinaweza kuondolewa pamoja na utando wake huku msuli, neva na jugula vikiachwa mahali pake pale ugonjwa haujavishika.

Tatizo la karotidi yenyewe halijamalizika. Picha za kisasa sasa humwonyesha daktari kabla ya kushika kisu ni kiasi gani uvimbe umeuzunguka mshipa, na ukishapita nyuzi 270, yaani robo tatu ya duara, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hautabanduka. Wapo wanaopimwa kwanza kwa kuzibwa mshipa kwa muda kwa puto dogo, daktari akiangalia kama mgonjwa bado anazungumza na kusogeza mkono. Wachache hukatwa kipande cha karotidi na kuunganishiwa vena iliyotolewa mguuni. Wengine huambiwa ukweli na kupewa mionzi na dawa.

Kati ya watoto wa Crile, mmoja aliyeitwa George kama baba yake naye alikuwa daktari wa upasuaji katika Cleveland Clinic. Huyo alijipatia maadui wengi kuanzia miaka ya 1950 kwa kusema hadharani kwamba madaktari wa Marekani walikuwa wakiwakata wanawake wenye saratani ya matiti kupita kiasi, na hoja yake ilikubaliwa baadaye. Alifariki dunia mwaka 1992.

Wagonjwa wenye saratani ya tezi ya shingo walipofika kwake na mitoki, mwana huyo alitoa tezi zilizougua, akaacha msuli wa shingo na vena ya jugula vilivyo, na kufunga jeraha, katika hospitali ileile aliyoijenga baba yake.